Utomvu wa Miiba

Mama yangu, Mukhta, alikataa katakata kuamini kwamba kuna mnyama aliyewahi kuuawa kwa ajili ya shali. Ukimwambia hivyo alikucheka kwanza, kisha akakasirika. Kwake yeye, na kwa mtaa wetu mzima wa wasokotaji hapa nyuma ya Idgah, Srinagar, Kashmir, sufu ya shatushi ilikuwa zawadi. Swala wa kule juu Tibet hujikuna kwenye miiba baridi ikipungua, manyoya yanabaki yamenasa, wachungaji wanapita wakiyaokota, na wafanyabiashara wanatuletea. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, na mama yake aliambiwa na bibi yake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona huyo swala wala huo mwiba, lakini ungewapa mkaa wangekuchorea vyote viwili ukutani.

Tena ushahidi walikuwa nao. Ndani ya kila fungu la sufu ghafi mlikuwa na vipande vidogo vigumu, vya kahawia, vyembamba kama ganda la kitunguu, vimeshikana na mashina ya manyoya. Mama alivichambua kwa kucha kimoja kimoja kabla ya kusokota. "Utomvu wa miiba," aliniambia nikiwa mdogo. "Unaona ulivyogandia sufu?" Havikutupwa, kwa sababu kitu kilichotoka mbali hivyo, kwenye nchi isiyo na najisi, hakitupwi. Kila msokotaji alikuwa na kopo lake. Mwanamke akishikwa na uchungu mtaani, mama alichukua kopo, akadondosha vipande viwili vitatu juu ya makaa pamoja na mbegu za isbandi, zinazofukizwa kuondoa husuda, na moshi ukapitishwa juu ya kitanda cha mzazi. Ulinuka nywele zilizoungua. Siku moja niliuliza mbona ubani wetu unanuka vibaya, nikapigwa kofi.

Mtu asiyejua habari za mama atamwona mjinga. Mimi simwoni hivyo. Kabla yangu alizaa watoto watatu, na wote watatu walirudi udongoni hata kabla majina yao hayajazoeleka. Mimi nilizaliwa katikati ya baridi kali, mdogo kama kiatu, na mkunga akamwambia baba asihangaike kutafuta jina. Baba yangu, Sidiq, alikuwa mfumaji. Alikwenda kwenye kitanda chake cha kufumia, akakata kipande cha shatushi kilichokuwa bado hakijakamilika, cha mwenye mali, si chake, akaja akanifunga nacho. Watu wetu husema yai la njiwa likifungwa kwenye shatushi litaanguliwa lenyewe. Basi nikaanguliwa mimi. Baba alifukuzwa kazi, mama akapata mtoto, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia neno baya juu ya sufu ile.

Kile kipande kililiwa na nondo miaka mingi baadaye. Kwa hiyo niliporudi nyumbani kwa mama kujifungua mtoto wangu wa kwanza, kama wafanyavyo mabinti wote huku kwetu, nilimkuta ameshaanza kingine. Alikuwa amesokota uzi kutoka kwenye sufu aliyojibania kidogo kidogo, na rafiki wa marehemu baba alikuwa amemfumia. Kilikuwa kitambaa cha kumtosha mtoto, rangi ya vumbi, chepesi mpaka unasahau kama umekishika. Kilibaki ukingo mmoja tu, nao ulikuwa umekwama kwa sababu sufu ilikuwa imemwishia.

Na haikuweza kupatikana nyingine, maana sheria ilikuwa imeshafika.

Tulikuwa tumeisikia kwa muda mrefu kama mtu anavyosikia mvua mlima wa pili. Nchi za dunia zilikuwa zimekubaliana zamani kwamba bidhaa hiyo isivuke mpaka, Delhi nayo ikakubali, lakini sisi wa Kashmir tulikuwa na sheria zetu wenyewe, na wakubwa wetu walikuwa wakivuta vuta siku. Mwaka ule wakaacha kuvuta. Kusokota, kufuma, kuuza, hata kuweka ndani, vyote vikawa marufuku. Habari ilitangazwa rasmi kwenye redio, ila mtaani ilitangazwa dukani kwa muoka mikate, na huko ndiko ilikonoga.

Wakamtuma afisa kuja kutuelimisha. Kijana mpole, soksi zimelowa theluji, akatukusanya wanawake kwenye ukumbi wa mtaa na kutuonyesha picha za swala waliolala chini wamechunwa. Mama alikaa mbele kabisa, mikono ndani ya feran, joho letu pana la baridi, na kanger yake, kile kijungu cha makaa, imemtuna tumboni kama mimba. Pembeni yake alikaa jirani yetu Taja, msokotaji mwenzake tangu usichana, ambaye ulimi wake ulikuwa hauna mlango.

"Mwanangu," Taja akamwambia afisa, "hizo picha umepiga kwa mchinjaji gani? Nimemtambua yule kondoo, ni wa kwetu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa naye akatabasamu, masikini.

"Mama zangu, sikilizeni. Swala hawa hawajikuni kwenye miiba. Kule waliko hakuna hata miiba. Ni uwanda mtupu, nyasi na mawe. Wanapigwa risasi, hasa majike, wakati wanapokwenda kuzaa, kwa sababu ndipo wanapokusanyika."

"Wewe umefika huko?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Sijafika."

"Basi kaa kitako unywe chai, baba. Na vua hizo soksi, utapata homa."

Alivua. Mama akazikausha juu ya kanger yake akimsikiliza kwa adabu zote, na hakuamini hata neno moja. Njiani kurudi nyumbani alinieleza kwamba yote hayo ni fitina ya wenye mashine, wanaotaka watu wavae shali za kiwandani. Nami nilimwitikia, kwa sababu nilikuwa mzito, njia ilikuwa barafu tupu, na sikutaka ubishi.

Sasa nitasema ninavyofikiri, anayekasirika akasirike. Sheria ile ilikuwa ya haki. Lakini kwa miaka yote waliyokaa wakubwa wakijadiliana mezani, hakuna aliyekuja kumkalisha mwanamke mmoja wa mtaa wetu na kumwambia ukweli akaumeza taratibu, kama dawa. Matajiri waliovaa zile shali walihama tu wakavaa kitu kingine. Wafanyabiashara walikuwa na maduka mengine. Sisi tukaambiwa tusokote pashmina. Pashmina ni sufu ya mbuzi, ni halali, ni nzuri, lakini kwa vidole vya mama ilikuwa kamba. Alikuwa akisokota kidogo, anaacha, anavipaka vidole samli ili visikauke, anavitazama. Alivitunza kama bibi harusi anavyotunza nywele.

Kila asubuhi alikitoa kile kitambaa cha mtoto, akakipima kwa kiganja, akakirudisha.

"Kasoro ukingo tu," alisema. "Mtoto atazaliwa katikati ya baridi kali kama wewe. Nitamfunga na nini?"

"Na blanketi, mama. Watu wanazaa kila siku."

"Waliokutangulia nao niliwafunga blanketi."

Niliendelea kumenya tanipu.

Ndipo nikagundua ameongea na Qadir Joo. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyeuletea mtaa wetu sufu kabla sijazaliwa, na kabla yake baba yake, na babu yake. Mzee wa heshima, kofia ya manyoya, maneno matamu, mtu wa kuswali safu ya mbele. Mume wangu Hilal, dereva wa lori aliyekuja kunitazama kila Ijumaa, alipopata habari alichanganyikiwa.

"Mama, watakufunga!" akamwambia. "Watanifunga na mimi. Leseni yangu itakwenda."

"Wanifunge. Huko jela kuna baridi kuliko humu?" Mama akamjazia chai ya chumvi. "Kunywa. Nataka kiganja kimoja tu cha sufu, mkwe wangu. Kiganja kimoja. Mtoto akishafungwa, akilia mbele yangu, nitakwenda mwenyewe kituo cha polisi, kwa miguu yangu."

Hilal alinitazama ili nimsaidie. Sikumsaidia. Niseme kweli, nilikuwa nimeanza kukitaka kile kitambaa. Nilikuwa nikikishika usiku ninapokosa usingizi, na mtoto anatulia tumboni.

Qadir Joo alikuja adhuhuri moja, theluji inaanguka, amebeba godoro dogo la pamba kama mtu anayemletea mgonjwa zawadi. Aliliweka ukumbini. Mama alimkaribisha chai, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nikamwona Qadir Joo anakataa chai.

"Mukhta Ded, ile sufu ya zamani haipo tena," akasema akiwa amesimama mlangoni, akimwita Ded kwa heshima kama tunavyowaita wanawake wazima. "Zamani ilisafishwa huko huko, ikapita mikono mingi mpaka inafika kwako. Siku hizi wanaogopa, wanavusha haraka haraka. Utaichambua mwenyewe."

"Kuchambua ndiyo kazi yangu," mama akasema.

Akamshukuru, akamwombea dua. Mzee akaondoka bila kutazama nyuma.

Mama alikaa dirishani penye mwanga, akatandika shuka nyeupe, akafumua mshono wa godoro. Alikuwa anaimba. Muda mrefu nilikuwa sijamsikia akiimba. Akatoa pamba, akatoa pamba nyingine, kisha akatoa sufu, kiasi, ya rangi ile ile ya vumbi, akaipulizia ikatetemeka, akacheka peke yake. Halafu mkono wake ukagusa kitu kizito. Akakivuta.

Kilikuwa kipande cha ngozi kilichokunjwa, kikavu, manyoya yakiwa bado juu yake. Hawakupata nafasi ya kuyanyonyoa.

Mama hakustuka mara moja. Vidole vyake viliingia kwenye yale manyoya kama vilivyozoea, vikitafuta mahali pa kuanzia uzi. Vikapita kwenye tundu ambapo manyoya yalikuwa yameshikana kwa kitu cheusi. Vikaendelea. Manyoya ya hapo yalikuwa meupe, marefu, ya tumboni. Kisha vikasimama.

"Dilshada," akaniita. "Njoo uguse hapa."

Niligusa. Zilikuwa chuchu mbili, zimesinyaa, lakini moja ilikuwa imevutika kuliko mwenzake, kama inavyokuwa mtoto akizoea upande mmoja. Nilitoa mkono wangu haraka. Mama hakutoa wake.

Alichukua ukingo wa ile ngozi, mahali ilipokatwa kwa kisu, akauvunja kwa kucha. Kikatoka kipande kidogo, kigumu, cha kahawia, chembamba kama ganda la kitunguu. Akakitazama mwangani. Akanyanyuka, akaleta kopo lake, akakiweka pamoja na vingine, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kukitofautisha. Kisha akachukua kimojawapo, akakidondosha juu ya makaa ya kanger.

Moshi ukapanda. Ilikuwa ile ile harufu aliyonipigia kofi, harufu aliyoipitisha juu ya kila kitanda cha uzazi mtaani kwetu. Ngozi inayoungua. Nilikuwa najua sasa, na nilimwona naye anajua, na nilitamani sana yule afisa mwenye soksi angerudi tumcheke tena.

"Alikuwa ananyonyesha," mama akasema.

"Mama, acha. Weka chini."

"Mtoto wake je?"

Nilinyoosha mkono kuichukua ile ngozi, akanizuia.

"Nakuuliza, Dilshada. Waliokota sufu, mama yake amelala. Yeye walimpeleka wapi?"

"Mama, sijui."

"Hata sufu ya kuuza hana. Hakuna atakayemchukua." Aliikunja ile ngozi vizuri, manyoya ndani, kama anavyokunja nguo za watoto. "Alibaki amesimama pale pale."

Sikuwahi kumwona mama akilia kwa ajili ya wale watatu wake, kwani walikuwa kabla yangu. Siku ile nilimwona. Hakupiga kelele. Alikaa tu dirishani akitikisika, na machozi yakimwingia mdomoni, mikono ameiweka mbali na mwili wake, juu ya shuka, kama vyombo vilivyoazimwa.

Qadir Joo aliitwa, akaja kesho yake. Mama hakumpa mkono wala mkeka. Aliionyesha ngozi kwa kidevu.

"Ulijua?"

Mzee alivua kofia yake, akaizungusha zungusha. "Ded, babu yangu alijua."

"Na sisi ukatuambia miiba."

"Kama mngejua, mngesokota?"

"Hukutuuliza," mama akasema. Akamfungulia mlango.

Baadaye Taja naye alikuja, na ukweli ulipomfikia alikaa chini bila hata mzaha mmoja, jambo lililoniogopesha kuliko kilio cha mama. Lakini Taja ni mtu wa kuangalia kinachowezekana. Alikishika kile kitambaa cha mtoto, akakigeuza.

"Mukhta, sikiliza dada yangu. Aliyekufa amekufa. Baridi ndiyo hii, na huyu binti amebakiza siku chache. Sufu iko hapo. Maliza ukingo, mfunge mtoto, halafu utubu. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," mama akasema. "Yule aliyesimama pale pale ndiye haelewi."

Na mimi, mnisikie, nilimkasirikia. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia nilifungwa mimi kwa sufu hiyo hiyo na niko hai, basi kwa nini mwanangu anyimwe. Kwamba kuona huruma kwa mnyama aliyekufa na kumwacha mjukuu na baridi ni wazimu. Aliniacha nikamaliza.

"Wewe nilikufunga sijui," akasema. "Huyu nitamfunga ninajua?"

Siku ya Ijumaa Hilal alipokuja, mama alimpa kazi ya kuchimba. Walikwenda makaburini, mama na mkwe wake, wakafagia theluji pale walipolala watoto wake watatu, na pembeni yao Hilal akachimba ardhi iliyoganda kwa sururu. Mama akaweka ile ngozi. Akaweka sufu yote, na kopo lake la utomvu bila kulifungua. Mwisho akaweka kile kitambaa, kasoro ukingo mmoja. Hilal aliniambia kwamba alikishika mara ya mwisho akakinusa, kisha akasema, "Mrudishieni mama yake," na Hilal hakujua alikuwa anazungumza na nani.

Nilijifungua Jumatano asubuhi, theluji imeacha, jua linauma macho. Mtoto wa kike, na mdogo, lakini alipiga kelele iliyowafanya majirani wabishe hodi. Taja alileta kopo lake la ubani kwa mazoea, akafika nalo mpaka mlangoni, akakumbuka, akalificha nyuma ya mgongo. Mtoto alifungwa blanketi la kawaida la sokoni, la maua mekundu. Hakuganda. Alinyonya, akalala. Hapo nilijisikia mpumbavu kwa yote niliyoyasema, na nikamwita mama.

"Mama, njoo umshike mjukuu wako."

Alikuwa amesimama ukutani, mikono ndani ya feran. Alimtazama mtoto kwa uso ambao siwezi kuueleza, uso wa mtu mwenye kiu akitazama maji ya mwenzake.

"Ni mzuri," akasema. "Mashallah. Ni mzuri sana."

"Basi mshike."

"Mikono yangu haifai."

"Imefanya nini mikono yako?"

"Imechambua," akasema.

Nililia, Taja akalia, tukamsihi, na mwisho alikaa kitako kando yangu, akavuta mikono ya feran ikafunika viganja vyake mpaka ncha za vidole, na hivyo, kwa kitambaa, akampokea mtoto. Akampakata mpaka adhuhuri. Nilidhani itapita. Nilidhani wiki moja, arobaini yangu, majira ya maua ya mlozi. Haikupita. Alimwogesha mwanangu kwa taulo, alimlisha kwa kijiko, alimfundisha kutembea akimshikilia kwa ncha za mikono ya feran, kipupwe na kiangazi. Binti yangu, Nuzhat, alipoanza kusema aliniuliza kama bibi ana viganja. Wakati mwingine nilimkuta ameingiza mkono wake mdogo ndani ya ule mkono mpana wa joho akitafuta, na mama akijivuta taratibu, akimsimulia hadithi ili asahau.

Gurudumu lake la kusokotea alimpa Taja, ambaye alisokota pashmina mpaka macho yakamkatalia. Mama hakusokota tena chochote. Ila samli aliendelea kupaka vidole kila jioni, sijui kwa ajili ya nini. Labda vidole havikuwa vimeambiwa.

Alifariki Nuzhat akiwa msichana wa shule. Wanawake wa mtaa walikuja kumwosha, na Nuzhat akaomba kuwepo, na mimi sikumkatalia. Tulipomvua lile joho kwa mara ya mwisho mikono ilibaki wazi juu ya ubao, viganja juu. Nuzhat alisogea. Akachukua mkono mmoja kwa mikono yake miwili, akaupapasa kidole kimoja kimoja, polepole.

"Mama," akaniambia, "mbona ni laini hivi?"

Nilitaka kumweleza. Badala yake nilimimina maji, naye akauosha.